Simu ya Saa Tisa Kasorobo

Wasichana wangu wa kikapu,

Siku mliponiaga pale ukumbini mlinipa doti mbili za kanga na saa ya ukutani, mkanilisha biriani mpaka nikashindwa kuinuka kitini. Mungu awajaze kheri. Halafu akasimama Mize, rafiki yangu wa tangu chuoni, yule mama mrefu mliyekuwa mkimtazama toka anaingia mlangoni na kuulizana kama naye aliwahi kucheza. Akasema mimi ndiye niliyesimama naye siku ya msiba wa baba yake, pale kaka yake alipotaka kumvunjia heshima mbele za watu. Akasema hajapata kuona mtu mkweli kama Raya. Nanyi mkapiga makofi, na mmoja wenu akapiga kigelegele.

Naandika kwa sababu ya makofi yale. Sikuyastahiki, na nikinyamaza mtanifanya mfano. Wengi wenu mnataka kucheza namba moja kama nilivyocheza mimi, yaani yule anayepandisha mpira na kuamua nani apewe na wakati gani. Nyinyi mnasema pointi gadi, na ni sawa, jina halidundi mpira. Nimeicheza nafasi hiyo chuoni miaka yangu yote ya masomo, nikairudia kwenye timu ya walimu mpaka goti likanitoa, kisha nikawa mwalimu wenu. Ninayo mengi ya kuwaambia juu yake. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba siku moja nilipewa habari nimpe mwenzangu, na sikumpa. Kwa ajili hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wamekaa karibu miaka ishirini hawasemezani.

Nitafika huko. Kwanza nataka mjue nilivyokuwa, msije mkadhani nilizaliwa mbaya.

Nilizaliwa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, na kikapu nilikijua ukubwani, nshaingia chuo cha ualimu. Mimi ni mfupi, mnanijua. Kiwanjani nilikwenda kupeleka chai tu, zamu yetu ya kuhudumia wageni. Mwalimu Faki, aliyekuwa akifundisha timu, aliniona nikipita na sinia la vikombe katikati ya wasichana wanaokimbizana. Sikumwaga hata tone. Akaniita.

"Wewe, weka hilo sinia chini."

"Chai itapoa, mwalimu."

"Ipoe. Chukua mpira."

Mwalimu Faki alikuwa mtu mkavu, hacheki, na kanzu yake daima ina chaki begani. Siku hizi mwalimu akichora mpango wa mchezo anachora kwenye kioo cha simu na mishale inakwenda yenyewe. Yeye alikuwa na vizibo kumi vya soda mfukoni. Alivipanga juu ya baraza, vitano vyetu vimelala chali na vitano vya wapinzani vimelala kifudifudi, akavisukuma kwa kidole. Ukikosea anakiweka kizibo chako mfukoni, na wewe unakaa benchi siku nzima. Nimekaa sana benchi.

Somo lake la kwanza hakulitoa kiwanjani. Ijumaa moja asubuhi alinipeleka soko la Darajani, watu wamejaa wananunua vya mchana. "Utatoka hapa kwenye mboga mpaka kule kwenye samaki," aliniambia. "Usimguse mtu. Ukimgusa, rudi uanze." Nilirudi mara nyingi mpaka muuza ndizi akaniuliza kama nimepotelewa na mtoto. Kila nikimtazama mtu usoni nipate kumkwepa, namgonga. Karibu na adhuhuri ndipo nikaelewa kwamba uso wa mtu haukwambii anakwenda wapi. Bega ndilo linalotangulia. Bega likiinama kushoto, kulia kwake patabaki wazi kwa muda wa kuvuta pumzi, na hapo ndipo unapopita, na hapo ndipo unapopitisha mpira. Mnaponilalamikia kwamba nawapeleka sokoni, mlaumuni huyo.

La pili nilijifunza kwa aibu. Zamani tulicheza na ushungi uliofungwa kwa pini. Chuo kizima kilikuwa na mpira mmoja wa maana. Siku moja niliukumbatia nikiugombania, pini ikaachia kidevuni, nikasikia ssss. Tulisimama tukauangalia ukisinyaa. Mwalimu Faki akaja, akautazama mpira, akanitazama mimi, akasema, "Raya, umeua." Kwa mwezi mzima tulifanya mazoezi kwa mpira wa miguu. Toka siku hiyo ushungi wangu naushonea lastiki kwa ndani, kama ninavyowashonesha nyinyi, na hauvuki hata ukianguka kichwa chini.

Adhabu yangu ilikuwa mkoba. "Aliyeua mpira ndiye atakayekusanya vya kuua mpira," alisema. Basi kabla ya kila mchezo nilipita na mkoba wa ukili, na kila mmoja akatia pini zake, herini, pete na bangili. Nilipofanywa kapteni mkoba ukabaki kwangu. Na simu za mkononi zilipoenea, zile ndogo za vitufe, nazo zikaingia humo humo. Nilikuwa nauweka chini ya benchi, miguuni pangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kilichomo. Waliniamini, na mpaka siku ninayoisimulia hawakukosea kuniamini.

Mize aliingia chuoni mwaka mmoja nyuma yangu. Ametoka Kizimkazi, binti wa Mzee Makame, mchoma chokaa. Wengine wote tulijifunza kikapu kwa Mwalimu Faki, lakini Mize alikuja anajua kutupa. Baba yake alikuwa amegongomea duara la chuma la pipa kwenye mnazi nyuma ya nyumba, maana binti alikuwa mrefu na mtu mmoja wa mjini alimwambia warefu wanacheza mchezo huo. Kanuni zake Mzee Makame hakuzijua hata moja. Alikuja kututazama mara moja, amevaa kofia mpya ya kiua, akaketi karibu na ringi. Kila mpira ulipoingia alisema "Mashaallah," sisi tukifunga na wapinzani wakifunga. Tulicheka mpaka refa akatugombeza.

Baada ya mchezo nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayempa Mize mpira?"

"Ndiye mie."

"Mpe mapema. Mikono yake mirefu, lakini miguu mizito. Kamchukulia mama yake."

Mize aliinamisha kichwa kwa haya, na mimi nilimpenda mzee yule papo hapo. Alikuwa sahihi pia. Mchezaji mkubwa wa chini ya ringi anahitaji mpira kabla hajageuka, akishageuka umechelewa. Nilikuwa nautupa mahali ambapo hayupo bado, naye anafika. Tulifika mahali pa kutotazamana kabisa. Nikikohoa anajua ninataka nini. Tulilala chumba kimoja bwenini, tukala sahani moja, na nguo zake, ingawa zilinipita magotini, nilizivaa.

Kitu kingine nilichojulikana nacho ni kuuficha mpira. Tukiwa mbele kwa pointi mbili tatu na muda umebaki kidogo, nilikuwa naudunda pembeni, taratibu, mkono mmoja nimeunyoosha kuwaambia wenzangu wasubiri, mpaka wapinzani wanapandwa na wazimu. Watazamaji walinibandika jina la Subira. Nilijivunia jina hilo. Ni ufundi mzuri, na nimewafundisha. Namba moja lazima ajue kuuchelewesha mpira kama anavyojua kuuharakisha.

Sasa ile fainali.

Ilikuwa fainali ya vyuo, kiwanja cha saruji hapo mjini, juu hakuna paa. Wanawake tulipangiwa saa nane mchana, wanaume baada ya alasiri. Yaani sisi tulipewa jua na wao kivuli, na hakuna aliyeona ajabu. Mzee Makame alikuwa mgonjwa wiki kadhaa. Mize alikwenda kumwangalia siku tatu kabla, akataka kubaki, mzee akamrudisha. "Nenda kacheze, uje unisimulie." Ndivyo alivyoniambia Mize usiku ule aliporudi, na alilala akiwa na moyo mwepesi kwa sababu baba alikuwa amekunywa uji.

Mpaka mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi sita. Mwalimu Faki akavitoa vizibo vyake. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya benchi nasikiliza, nikahisi kitu kinatetemeka mguuni. Simu, ndani ya mkoba. Nikauvuta mkoba nikasogea nao mpaka ukutani ili niizime isitusumbue. Ilikuwa simu ya Mize, na namba haikuwa na jina. Nilitazama saa yake. Saa tisa kasorobo. Nikaipokea, nia yangu nimwambie huyo mtu apige baadaye.

"Mize?" Sauti ya mwanamume. Nilimjua. Vuai, kaka yake, anapiga kwa simu ya dukani.

Nikaitika, "Naam."

Sikupanga. Mtu akiitwa kwenye simu anaitika, na nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie mimi ni Raya. Hakunipa nafasi. Alikuwa analia.

"Mize, baba keshatutoka. Sasa hivi, mikononi mwangu. Tunamzika leo leo, baada ya alasiri. Njoo. Tunakungoja wewe tu umuage, kisha tunamtoa. Umenisikia? Unakuja?"

Kule benchi Mize alikuwa amemwagia mwenzake maji kichwani, wanacheka. Mwalimu Faki alikuwa anakisukuma kizibo cha Mize chini ya ringi na kugonga saruji kwa kidole, huyu, huyu, huyu.

"Nnakuja," nilisema. Nikaizima simu.

Msinitafutie sababu kubwa. Hakuna aliyetutishia kwamba timu itavunjwa tukishindwa. Hakukuwa na mgonjwa wa kutibiwa kwa zawadi ya ushindi. Nilitaka kombe tu. Nilikuwa mwaka wa mwisho, nilikuwa sijapata kulishika, na bila Mize tusingelipata. Nilijiambia nitamwambia robo ya tatu ikiisha. Kizimkazi ni mwendo wa saa moja kwa gari, alasiri bado. Nikajiona nina akili. Nilikuwa naihesabu saa ya maiti kama ninavyoihesabu saa ya mchezo.

Robo ya tatu ikaisha, tukawa nyuma kwa pointi mbili. Mize aliniwekea mkono begani akasema, "Nipe tu, Raya. Leo nnaiona ringi kubwa kama kisima." Nikampa. Kila nilichompa alikifunga. Sijapata kumwona akicheza vile, kabla wala baada. Sekunde za mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja, na watu wakaanza kuimba "Subira! Subira!" Nami nikauchukua mpira pembeni nikaudunda, mkono nimeunyoosha, mpaka filimbi.

Na ilikuwa bado haijachelewa. Hili ndilo linaloniamsha usingizini. Mchezo uliisha saa tisa na nusu. Baadaye nilijua walimngoja mpaka saa kumi na nusu. Ningalimwambia pale pale, jezi ikimchuruzika jasho, angalifika. Lakini wakaleta kombe, ikabidi mgeni rasmi aseme maneno, kisha picha. Picha hiyo mnaiona kila siku kwenye kabati la chuo. Mize yuko katikati, amelinyanyua kombe, meno yote nje. Mnaipenda picha hiyo. Wakati inapigwa, nyumbani kwao wanamvisha baba yake sanda, na katika wote waliomo kwenye picha ni mimi peke yangu ninayejua. Nitazameni siku moja. Na mimi nacheka.

Saa kumi nikafungua mkoba nikamrudishia kila mtu kitu chake. Mize aliiwasha simu, na hapo hapo ikalia mkononi mwake. Alikuwa jirani yao, mwanamke. Sikusikia alichosema, nilimsikia Mize tu, "Nani? Baba yupi?" Nilimshika. Nililia naye, na machozi yalikuwa ya kweli, ingawa hilo halinisaidii kitu.

Mwalimu Faki alitupatia gari. Njia nzima Mize alikuwa anamwambia dereva, "Kimbiza, kaka yangu, tafadhali, wasije wakamtoa." Nyinyi mnajua kwetu mwanamke hafuati jeneza. Mwanamke anamuaga maiti wake nyumbani, anafunuliwa uso, anasema naye anachotaka kusema, anamwombea dua na kumtaka radhi. Jeneza likishavuka kizingiti hakuna tena. Tulifika saa kumi na moja. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, mikono imejaa vumbi.

Vuai alikuja mpaka mlango wa uani, pale tulipokuwa tumeketi wanawake. Alikuwa kijana mpole, mwashi, hajapata kunyanyua sauti mbele ya mama yake.

"Saa ngapi hizi, Mize?"

"Vuai, mmemtoa? Mmemtoa bila ya mie?"

"Nilikupigia mwenyewe. Ukaniambia unakuja. Nimemzuia imamu, nimewazuia watu, vijana na wazee wamesimama juani wananitazama mimi, nawaambia dada yangu yuko njiani. Saa nzima na ziada! Na wewe uko mpirani."

"Mie sikupokea simu yako! Sema hamkutaka kuningoja. Sema ukweli, usinisingizie, na baba hata hajapoa."

"Nimekusikia kwa masikio yangu. Umesema nnakuja."

Mize akanigeukia. Hakuwa na shaka juu yangu hata chembe, alikuwa ananitaka niseme tu, wasikie.

"Raya, simu ilikuwa kwako. Ililia?"

Nilimtazama Vuai, nikamtazama mama yao, nikaitazama nyumba imejaa watu. Nikasema, "Haikulia."

Laiti angalitazama ndani ya simu yake, namba ya duka angaliiona pale, na saa yake. Hakutazama. Mimi nilikuwa nshasema.

Vuai aliinama, akachukua viatu vyake, akaondoka. Toka siku hiyo kwake yeye Mize ni mtu aliyechagua mpira akamwacha baba yake anangoja kwenye kitanda cha maiti, kisha akadanganya msibani. Na kwa Mize, Vuai ni mtu aliyeharakisha jeneza, kisha akatunga simu ili asilaumiwe. Mize alipoolewa, Vuai ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwozesha, baba hayupo. Hakuja. Alimtuma ami yao amwakilishe. Wamejenga nyumba zinazotazamana, uchochoro katikati, na watoto wanachanganyika, lakini Idi baada ya Idi wakubwa hawajapeana mkono. Mama yao amekufa akiwaomba. Mimi nilikuwepo hata siku hiyo, nimeketi upande wa Mize, nampepea.

Kikapu Mize alikiacha msimu ule ule. Mimi niliendelea. Mnakumbuka sheria yangu ya simu, mliyokuwa mkiicheka. Nimewazuia kuzitia mkobani, nikamweka mtu benchi kazi yake kuzipokea, na ikija habari ya nyumbani naomba kusimamisha mchezo, hata tuwe nyuma kwa pointi moja. Mara ile niliposimamisha nusu fainali kwa sababu mama wa mwenzenu anauliza ufunguo wa stoo uko wapi, mlicheka mpaka mkakaa chini. Mkasema Bi Raya ana huruma. Wasichana wangu, ulikuwa woga. Nilidhani nikizipokea simu zote zilizobaki duniani, ile moja itafutika.

Mara nyingi nilitaka kusema. Nilipotaka, nikaona Mize anayo furaha leo, nisimharibie. Au ana huzuni, nisimzidishie. Kila siku ina udhuru wake. Lakini mliponiaga, akasimama mbele yenu akasema yale, na nyinyi mkapiga makofi, niliisukuma sahani kando. Nilirudi hapa nyumbani Kiembe Samaki, ndege zinapita juu ya bati, nimeketi na saa yenu ya ukutani mapajani, sikuitundika. Jumamosi iliyofuata nikaenda Kizimkazi.

Mize alifurahi kuniona. Alitandika mkeka barazani kwa ndani, binti yake mkubwa akaleta chai na mikate ya kumimina. Binti huyo amempa jina langu, kwa hiyo tunaitana somo. Nilisubiri atoke. Kisha nikasema yote, toka mtetemo wa mkoba mpaka "haikulia," sikujitetea na sikulia, maana nilikuwa nimejiapiza nisilie nikamlazimisha anibembeleze.

Alikuwa ameshika kikombe. Hakukiweka.

"Alisema Mize?"

"Alisema Mize."

"Ukaitika."

"Nikaitika."

"Ukamwambia nnakuja."

"Ndiyo."

Nje watoto walikuwa wanagombania baiskeli.

"Alisema baba kafia wapi?"

"Mikononi mwake," nilisema. "Alisema, mikononi mwangu."

"Hilo sikulijua," alisema Mize. "Miaka yote hii sikujua kafia mikononi mwa nani. Sikumuuliza. Ningemuuliza vipi, nami namwita muongo?"

"Mize, nisame—"

"Nyamaza, Raya."

Aliinuka. Hakuvaa buibui, alijitanda kanga yake kichwani, akatoka miguu mitupu. Kupitia dirisha nilimwona akivuka uchochoro. Ni hatua saba, hazizidi. Alisimama mbele ya mlango wa kaka yake, mrefu vile vile, mikono haijui pa kuiweka. Akabisha.

"Hodi."

Ndani mtu alikohoa. "Nani?"

"Mimi, Vuai. Mize."

Hata wale watoto waliacha baiskeli wakatazama. Nilihesabu, tabia ya kazi, na sijui nilifika ngapi. Halafu komeo likavutwa.

"Pita," alisema Vuai. "Pita ndani."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Nilikaa. Chai ilipoa, ikafanya utando. Sikusikia kelele, sikusikia kilio, ila mara moja sauti ya mwanamume imepanda kidogo na kukatika. Alasiri ikaadhiniwa, nikasali pale pale mkekani, nikakaa tena. Nilijua sina haki ya kungoja, na nilingoja.

Mwishowe mlango ulifunguliwa, lakini aliyetoka ni yule binti wa Mize. Walikuwa wamemwita, hata sikumwona alipoingia. Alikuja mpaka kizingitini, hakuingia. Macho yake mekundu, na ni msichana mwenye adabu, hakunitazama usoni.

"Somo," aliniambia, "mama kasema nikusindikize kwenye gari."